Bibi Aliyebakiwa na Kituva

Mwaka nilipopelekwa kwa yule bibi nilikuwa nimechoka hata nikikaa ndani ya basi nasinzia mpaka kituo cha mwisho, dereva aje kuniamsha kwa kugonga kiti. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikiishi Walthamstow, na kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, kuwapa dawa, kisha kuandika kwenye daftari la wakala kwamba nimewaogesha, nimewavisha, nimewalisha. Kwetu Pemba nilikuwa mwalimu. Nilisomesha Kiswahili darasa la sita na la saba. London hakuna aliyeniuliza habari hiyo, na baada ya muda mimi mwenyewe niliacha kuitaja.

Siku moja msimamizi wangu akanipigia simu.

"Kuna bibi wa Kirusi, hasemi," akaniambia. "Wenzio wawili wameshamkataa. Anapiga."

Nikamwambia sawa. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Mlango ulifunguliwa na binti wa huyo bibi, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, uso wa duara, nywele nyeusi zilizonyooka. Kwa macho yangu nilimdhania Mchina. Tayari alikuwa amevaa koti la kwenda kazini.

"Nimeambiwa mama yako ni Mrusi," nikasema.

Akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Niangalie vizuri. Mimi Mrusi?"

Akanieleza pale pale mlangoni, haraka haraka, kwamba wao wanatoka Tuva, nchi iliyo kusini ya Siberia, ukivuka mpaka tu umeingia Mongolia. Nchi yao iko ndani ya Urusi, lakini wao si Warusi, na wana lugha yao, Kituva, ambayo ni ndugu wa mbali wa Kituruki. Mama yake alikuwa na lugha tatu: Kituva alichozaliwa nacho, Kirusi alichokipata ukubwani, na Kiingereza cha kuokotea sokoni baada ya kuja kuishi na bintiye. Kisha akapata kiharusi.

"Kiingereza kilikwenda siku ile ile," akasema. "Kirusi kikafuata baada ya miezi michache. Sasa amebakiwa na kile cha mwanzo."

"Kwa hiyo anasema?"

"Anasema sana. Lakini London nzima wa kumsikia ni mimi, na mimi natoka saa moja asubuhi. Mume wangu Mwingereza, kazi yake ni safari, na hata akiwapo hajui neno."

Akaondoka. Nikabaki na bibi.

Wiki ile ya kwanza alinipiga kweli, kwa kijiko cha uji, kwenye kifundo cha mkono. Sikumlaumu. Nilikuwa nikimvua nguo huku nikimwambia kwa Kiingereza kwa sauti ya juu kwamba sasa tunakwenda kuoga. Mtu ambaye humjui anakuvua nguo na kukupigia kelele zisizo na maana, nani asingepiga? Siku ya Ijumaa nikamngoja bintiye arudi, nikamwambia anipe maneno kumi.

Akakaa mezani na koti lake hajalivua, akaanza kuyaandika kwa herufi za Kirusi. Nikamwambia hizo sizijui, ayaseme tu, mimi nitaandika ninavyosikia. Nilikuwa na daftari la mazoezi la mwanangu, limebaki kurasa nyingi tupu. Nikaandika kwa herufi zetu. Ekii, hujambo. Sug, maji. Sook, baridi. Izig, moto. Aarip tur, inauma. Chok, hakuna. Chettirdim, asante. Shai.

"Shai ni nini?" nikamwuliza.

"Kitu cha kunywa. Majani, maji ya moto..."

"Sisi twasema chai."

"Basi umeshajua neno moja bila ya kufundishwa," akasema, na mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Jumatatu asubuhi nikaingia chumbani, nikasema, "Ekii." Bibi alikuwa ametazama ukutani. Akageuza kichwa taratibu. Nikatia mkono kwenye beseni, nikasema, "Sug izig." Maji ya moto. Hata sikujua kama ndivyo yanavyopangwa. Akanyoosha mkono wake kuyagusa, akasema neno nisilolijua, akaniachia nimvue blauzi. Siku ile sikuandika chochote kwenye daftari la wakala zaidi ya kawaida, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuandikia jambo kama hilo.

Nilikwenda maktaba kutafuta kitabu cha Kituva. Mkutubi, mtu mpole, alitafuta kwenye kompyuta yake kisha akanambia kwamba kipo kitabu cha sarufi kwenye maktaba ya chuo kikuu fulani, hakiazimwi, na kimeandikwa kwa Kirusi. Akanipa kitabu cha Kituruki nisirudi mikono mitupu. Kikanisaidia kwa njia yake. Sokoni palikuwa na Mturuki muuza mboga, mzee mwenye masharubu meupe, nikamhesabia nyanya zangu kwa Kituva: bir, iyi, ush, dort, besh. Akaacha kupima.

"Nani kakufundisha hivyo?" akauliza. "Hivyo ni kama anavyohesabu babu yake babu yangu, tena mgonjwa wa mafua."

Kilichonishangaza ni kwamba ule ualimu nilioudhani nimeuacha bandarini kwetu ulianza kuamka. Nilianza kuona mambo. Sisi Waswahili tunapachika viungo mbele ya neno. Wao wanapachika nyuma. Sisi tunasema nilikuja: mimi kwanza, wakati baadaye, kuja mwisho. Wao wanasema keldim: kuja kwanza, wakati katikati, mimi mwisho, kama mtu anayengoja wageni wapite mlangoni ndipo naye aingie. Na irabu zao hazikai ovyo. Neno likianza kwa irabu za mbele ya mdomo, basi viungo vyote vinavyofuata lazima vivae irabu za mbele. Likianza kwa za nyuma, vyote vinafuata nyuma. Nikafikiria ngeli zetu, vitabu vizuri, watu wazuri, ambamo kila neno linavaa sare ya mkubwa wake. Nilipomweleza yule binti haya, alinitazama kwa mshangao. Alikuwa akiisema lugha tangu kuzaliwa na hakuna aliyemwonyesha.

Lakini irabu zenyewe zilinishinda. Sisi tunazo tano na zinatutosha. Wao wana nane, na juu ya hizo nane kuna namna nyingine ya kuzitamka, kwa sauti ya chini inayotokea kooni, na maana inageuka. Hapo ndipo nilipojikwaa, na kujikwaa huko ndiko kulikonifungulia mlango.

Nilitaka kumwuliza bibi jina lake. Nilikuwa nalijua kwenye karatasi, lakini nilitaka anitajie mwenyewe. Jina ni at. Nikamsogezea kiti, nikamwambia, "Ading kim?" Jina lako nani? Koo langu lilikuwa zito kwa mafua, na siku ile sauti ilitoka chini.

Bibi akanitazama. Kisha akaanza kusema. Alisema mpaka uji ukaganda. Mkono wake mzima, ule usioguswa na kiharusi, ulikuwa umeshika kitu hewani, unavuta na kulegeza, na uso ulikuwa wa msichana. Mimi nilishika maneno mawili tu: dorug, alilolirudia mara nyingi, na chok, hakuna, alilolisema mwishoni.

Bintiye aliporudi nilikuwa bado nipo, nimechelewa kwa makusudi. Nikamwambia nilivyouliza. Akanitaka nirudie.

"Umemwuliza farasi wake nani," akasema. "Jina na farasi ni neno moja, ila la farasi linatoka chini." Akalitamka kwa Kituva.

Bibi alisikia neno farasi, akaanza upya, safari hii kwa bintiye. Binti akavuta kiti, akakaa. Alikuwa akinitafsiria vipande vipande. Dorug ni rangi ya farasi, wekundu wa kahawia. Baba yake bibi alimpa farasi huyo alipokuwa mdogo, siku alipoanza kwenda malishoni peke yake. Baadaye mifugo ya watu ikachukuliwa ikawekwa pamoja, ikawa ya wote, na yule farasi akawa anamwona kila siku akipandwa na watu wengine. Farasi akimwona bado anamjua. Mpaka mwaka mmoja akawa hayuko tena. Chok.

Binti akanigeukia. "Hakuwahi kunihadithia," akasema. "Mimi mwanawe wa kuzaa. Na maneno mengine hapo sikuyajua. Ametaja rangi za farasi kama saba, mimi najua mbili."

Akanieleza kwamba yeye alipelekwa bweni akiwa na miaka saba. Darasani lugha ilikuwa Kirusi, na aliyetaka kwenda mbele alikwenda nacho. Alikuwa anarudi nyumbani wakati wa likizo, mama anamwambia kitu kwa Kituva, yeye anajibu kwa Kirusi, kwa sababu ndicho kilichomjia kwanza. "Sikukikataa," akasema. "Nilikuwa nimechoka tu. Mtoto naye huchoka."

Nikarudi nyumbani. Binti yangu, wakati ule ana miaka tisa, alikuwa amelala kifudifudi sebuleni akiangalia televisheni. Nikamwambia kwa Kiswahili aondoe viatu vyake mlangoni. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ataviondoa baadaye. Ilikuwa hivyo kila siku, na kila siku nilikuwa nikisema nitaanza kumfundisha Jumamosi. Jumamosi nilikuwa nafanya kazi.

Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima, mimi na bibi. Daftari lilijaa. Mal, mifugo, nikamwambia binti wa bibi kwamba kwetu mali ni kila anachomiliki mtu, naye akasema kwao ni hivyo hivyo, ila kila anachomiliki mtu kina miguu minne. Chai ya bibi ilikuwa ya maziwa, hakuna sukari, imetiwa chumvi. Aliniona nimekunja uso nilipoionja, akacheka mpaka akakohoa. Nikazoea kuinywa. Kuna asubuhi ambazo kikombe kile ndicho kitu pekee cha moto nilichopata mpaka saa tisa.

Siku moja nilimkuta anaandika kwa mkono wake mzima nyuma ya bahasha. Bintiye alishaniambia kwamba mama tangu augue anachora chora tu. Nikaichukua bahasha, nikaona ni herufi zetu, a, b, s, pamoja na nyingine mbili tatu zenye mikia. Nikasoma kwa sauti nilivyoweza. Bibi akatikisa kichwa, ndiyo. Bintiye alipokuja akaiangalia muda mrefu, kisha akakaa kitako. Kituva, akanieleza, kiliwekewa herufi za Kilatini mwaka 1930. Kabla ya hapo waliojua kuandika waliandika Kimongolia. Watu wazima na watoto wakaingia darasani pamoja. Baada ya miaka kama kumi na tatu hivi herufi zile zikafutwa, zikaja za Kirusi, na watu wakaanza tena alifu kwa kijiti. Bibi alikuwa amerudi kwenye herufi zake za kwanza.

Mimi nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa akiandika barua nzima za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua za mashauri ya harusi na misiba, na serikali ilipokuja kuhesabu watu ikamwandika kuwa hajui kusoma wala kuandika. Sikumhadithia yule binti. Nilikuwa sina pumzi.

Kipupwe kilichofuata bibi alianguka akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri, sina la kuwalaumu. Baada ya wiki tatu kikawekwa kikao cha kuamua kama arudi nyumbani au apelekwe kwenye nyumba ya wazee wasiojitambua. Binti aliniomba nije. Nikabadilishana shifti na mwenzangu, nikaenda na sare yangu ya kazi.

Alikuwapo daktari, nesi, na mkalimani wa Kirusi, mwanamke mfupi mwenye miwani. Binti alisema tangu mwanzo kwamba Kirusi hakitafaa, akaambiwa kwa adabu kwamba jamaa wa mgonjwa hawaruhusiwi kumtafsiria, ndiyo kanuni, na mkalimani wa Kituva hayupo popote walipotafuta. Daktari akauliza: leo siku gani? Mkalimani akageuza kwa Kirusi. Bibi akatazama dirishani. Hapa ni wapi? Kimya. Taja vitu vitatu vya kula. Kimya. Daktari akaandika.

Mkalimani akavua miwani yake. "Nataka kusema jambo," akamwambia daktari. "Huyu mama hanijibu kwa sababu hanielewi. Mimi hapa sifanyi kazi yoyote."

Daktari alikuwa mtu mzima, macho mekundu, nadhani hakulala. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza mimi ni nani.

"Mimi ndiye ninayemwogesha," nikasema.

"Na wewe unaongea naye vipi?"

Badala ya kumjibu nikainama kitandani, nikasema, "Ekii, kirgan-avai." Hujambo, bibi. Akageuka. "Aarip tur be?" Inauma? Akashika paja lake, akasema inauma, akasema wanampa maji ya baridi, sook, na kwamba chai ya hapa chok, hakuna, haya ni maji machafu. Nikamwuliza, "Bintiyo yuko wapi?" Nililikosea neno, akalirekebisha kwa ukali kama alivyozoea, kisha akanyoosha kidole moja kwa moja kwa bintiye, ambaye alikuwa amesimama mlangoni anafuta pua kwa mkono wa koti.

Nikamgeuzia daktari yote, na ile ya chai nikaigeuza kama ilivyo. Nesi akacheka. Daktari hakucheka, lakini alikata alichokuwa ameandika, mstari mmoja mrefu, akaandika upya.

Bibi alirudi nyumbani. Nafikiri lile ndilo jambo kubwa nililolifanya London, na lilinichukua dakika kumi.

Siku alipotoka nilimwuliza binti atafanya nini siku za mbele, maana kazi ya kumwinua ilikuwa sasa ya watu wawili. Akawa anakunja shuka. "Kwetu siku zijazo haziko mbele," akasema. "Ziko nyuma, mgongoni. Yaliyopita ndiyo yako mbele, kwa sababu unayaona." Nikamwambia basi mimi nimekuwa nikitembea kinyumenyume miaka yote. "Sote," akasema, akanipa ncha ya pili ya shuka.

Mgongo wangu haukuhimili. Mwezi wa tatu nilishindwa kuinuka kitandani, nikawekwa nyumbani wiki sita. Niliandika orodha ya maneno thelathini, nikaituma kwa dada aliyekuja kunishikia nafasi, Mkongo kutoka Bukavu, na Kiswahili chetu tulikisikilizana kwa taabu lakini tulisikilizana. Aliniambia kwa simu amebandika orodha mlango wa friji, na bibi anamrekebisha. Wiki ya tano akanipigia asubuhi. "Mama," akasema, "ule mzee amekufa. Amelala na hakuamuka." Kwenye maziko sikwenda, nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti zaidi ya robo saa.

Binti alikuja kwangu baadaye, akaniomba daftari. Hakuwa na maneno yale popote pengine: rangi za farasi, majina ya kondoo kwa umri wao, neno la sauti ya barafu ya mto inapopasuka. Nililiandika kwa herufi za Kiswahili, na matamshi mengine nilikuwa nimeyaharibu, lakini alikaa sebuleni kwangu akayasoma yote kwa sauti, akiyasahihisha kwa kalamu. Mengine aliyasema mara mbili tatu, kama anayeonja. Binti yangu alitoka chumbani kwake akasimama kusikiliza. Akaniuliza, kwa Kiingereza, "Hiyo lugha gani?" Nikamwambia. Akauliza, "Na wewe unaijua?" Nikamwambia kidogo. Akanitazama namna ambayo hajawahi kunitazama, kisha akarudi chumbani.

Binti wa bibi alikwenda kwao, Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, mwaka 2003, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alinipigia simu kutoka huko, sauti inakatika. Alisema alidhani atakuta lugha inakufa. "Watoto wanatukanana kwa Kituva mitaani," akasema. "Wanakijua kuliko mimi. Nikisema, wananicheka, wanasema nazungumza kama kitabu cha zamani." Alikuwa akicheka na kulia. Niliitikia, nikimsikiliza, huku nikipiga pasi sare ya kesho. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilitaka kufurahi zaidi.

Miaka michache baadaye mtu akaniambia kwamba siku hizi kila lugha iko kwenye mtandao. Nikaenda maktaba, nikaandikisha saa moja ya kompyuta, nikaandika neno hilo, Kituva. Yakaja masomo. Kulikuwa na watu, sijui wako wapi, Marekani, Ujapani, wengine walioipenda kwanza miziki ya Watuva, ya kuimba kwa koo, kisha wakaitamani lugha, na walikuwa wakiulizana maswali ya viungo na irabu, maswali yale yale niliyokuwa nayo mimi mezani kwa bibi. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza ukasikia sauti. Nikavaa vile vya masikioni. Kijana mmoja akasema sentensi, haraka, safi. Nilishika maneno matatu. Nikabonyeza tena, nikashika manne. Mara ya tatu niliitamka kwa sauti ya chini, na jirani yangu wa kompyuta ya pili akageuka kunitazama.

Nilirudi mara mbili hivi. Kisha shifti zikabadilishwa, nikapangiwa wazee wa upande wa Chingford, na saa ile ya maktaba ikawa ndiyo saa ya kuwa ndani ya basi.